Kinanda Kisicholia

Siku niliponunua kinanda changu cha kwanza cha MIDI, mama alisimama mlangoni akinitazama nikifungua boksi. Aliona kii 25, pedi 8 zenye taa, nobu 8 na waya mmoja mwembamba. Akasogea, akabonyeza kii moja, akabonyeza nyingine. Kimya. "Mbona hakilii?" Nikamweleza kwamba chenyewe hakina sauti: kazi yake ni kuiarifu kompyuta kii ipi imebonyezwa na kwa nguvu kiasi gani, na kompyuta ndiyo inayolia. Alinitazama kama mtu aliyekwenda Kariakoo kununua simu akarudi na mche wa sabuni ndani ya boksi. Aliponiuliza bei nilimwambia laki na nusu, na hapo nilikuwa nimekwisha kuipunguza kwa laki nzima.

Kwa mnunuzi, kule kutolia ndiko kunakoleta taabu. Gitaa baya hujisema lenyewe dukani: ukiligusa tu, nyuzi zinakwaruza na shingo imepinda. Kinanda cha MIDI hakisemi. Muuzaji akikiunganisha na laptopu yake utasikia piano ya kupendeza, lakini piano hiyo ni ya programu iliyomo ndani ya laptopu. Ingelia vilevile kwa kinanda cha dola 50 na kwa cha dola 500. Sikio, ambalo ndilo kipimo anachokiamini mwanamuziki, halina kazi hapo. Yanabaki macho, na macho hupenda taa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; hawakuwahi kukutana na bidhaa ambayo, iwe nzuri au mbaya, haiwezi kufungua mdomo.

Tuanze na kisichoharibika, yaani lugha yenyewe ya MIDI, maana hakichukui muda mrefu. Mwaka 1981 Dave Smith wa Sequential Circuits, akiwa na mwenzake Chet Wood, alipendekeza lugha moja ambayo kwayo vinanda vya makampuni yote vingeweza kusemezana. Ikutaro Kakehashi wa Roland, kule Japani, alikuwa akifikiria jambo hilohilo. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vifaa vya muziki ya NAMM huko Anaheim, California, kinanda cha Prophet-600 kiliunganishwa na Roland Jupiter-6 mbele za watu, na ukibonyeza kimoja kinalia na kingine. Smith na Kakehashi walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013, miaka 30 baadaye. Waliokuwa wakingojea malipo ya wasanii wanajua kwamba huo si muda mrefu sana. Lugha yenyewe ni nyepesi mno: biti 31,250 kwa sekunde, na karibu kila jambo huelezwa kwa namba kati ya 0 na 127. C ya katikati ni namba 60. Mwaka 2020 likapitishwa toleo la pili, lenye vipimo vya nguvu vya kina zaidi, lakini vinanda vingi vya bei nafuu bado vinaongea ile ya 1983, na kompyuta za leo bado zinaielewa. Teknolojia chache za umri huo zinaweza kusema hivyo.

Kwa hiyo mtu akikwambia "MIDI yangu imekufa", ujue MIDI haijafa. Kilichokufa ni mpira, plastiki, risasi ya kulehemu au tundu la waya, yaani vitu vya senti.

Mpira ndio wa kwanza. Ndani ya kinanda cha kawaida, chini ya kila kii, kuna kijichuguu cha mpira laini kama kile cha ndani ya rimoti ya televisheni. Kwenye rimoti kijichuguu kina doa moja jeusi la kaboni. Likigusa bodi, umeme unapita na chaneli inabadilika. Kwenye kinanda madoa ni mawili, moja limewekwa juu kidogo kuliko jingine, ili kii ikishuka lianze la kwanza ndipo lifuate la pili. Kinanda hakina namna yoyote ya kupima nguvu ya kidole chako. Kinachopima ni muda uliopita kati ya doa la kwanza na la pili. Ukipiga kwa nguvu, muda huo ni milisekunde chache. Ukigusa kwa upole, ni makumi ya milisekunde. Chipu huhesabu, hubadilisha muda kuwa namba kati ya 1 na 127, na kuipeleka. Sifuri haitumiki kama nguvu, kwa sababu katika lugha hiyo kupiga noti kwa nguvu ya sifuri ni kuinyamazisha.

Ukishaelewa hivyo, magonjwa mengi ya vinanda hivi yanajieleza yenyewe. Kinanda changu kilianza kuumwa mwezi wa kumi na nne, miezi miwili baada ya waranti kwisha. Vifaa vinajua kusoma kalenda. Sol iliyo juu ya C ya katikati, noti namba 67, ilianza kupiga kelele. Nikiigusa kama namgusa mtoto aliyelala, kwenye kioo cha kompyuta inatokea 127. Katikati ya wimbo wa taratibu, noti hiyo moja ilikuwa kama mtu anayeitikia "Amina" kabla sala haijaisha. Wiki mbili baadaye jirani yake, La, ikaacha kulia kabisa.

Nilikipeleka kwa fundi wa redio ambaye amekuwa akitutengenezea vitu mtaani tangu enzi za kaseti. Alikigeuza juu chini na kuuliza spika yake iko wapi. Nikarudia hotuba niliyompa mama. Akafungua skurubu 14, tukainua ganda la chini, na hapo vikaonekana vyote kwa pamoja: vumbi la rangi ya kahawia limejikusanya pembeni ya ukanda wa mpira, unywele mrefu ambao si wangu, ganda la yai la mende, na karibu na Sol utando wa kung'aa ulionata kidoleni. Soda. Sikumbuki nani aliimwaga, na kila aliyewahi kurekodi chumbani kwangu amekana.

Ugonjwa wa Sol na ugonjwa wa La ulikuwa mmoja, ila umeshika sehemu mbili tofauti. Kwenye Sol utando ulikuwa juu ya doa la kwanza, lile linalotangulia. Likichelewa kugusa, muda kati yake na la pili unakuwa mfupi mno, na chipu, ambayo haina akili ya kushuku, inaamini umepiga kwa nguvu zote. Kwenye La lililoziba ni doa la pili. Chipu iliona safari ikianza haikuiona ikifika, ikanyamaza. Kelele na ububu, vyote kwa tone moja la soda.

Fundi alitaka kusafisha kwa petroli. Nilimshika mkono, maana petroli huula mpira, na nikatoa chupa ya spiriti ile isiyoacha majimaji pamoja na vijiti vya pamba vya masikioni. Dakika 20, kii mbili zikapona. Siku za nyuma, kabla hatujazoeana, angetumia dawa yake ya rimoti: kipande cha karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, kimekatwa mviringo na kugandishwa kwenye mpira kwa gundi. Kwa rimoti dawa hiyo ni nzuri kabisa. Kwa kinanda inalia, ndiyo, lakini karatasi ikizidi unene hata kidogo tu inagusa mapema, na nguvu za kii hiyo hazitafanana tena na za wenzake. Mpira wa akiba wa modeli yangu ulikuwapo mtandaoni, ng'ambo, na nauli ya kuuleta ilizidi thamani yake mara kadhaa. Hapo ndipo uimara wa kifaa unapokuwa jambo la jiografia. Kinanda kilekile ambacho mtu wa Chicago angekihesabu imara, kwa sababu kipuri kinamfikia kwa posta ndani ya siku tatu, kwetu ni dhaifu.

Hali ya hewa nayo inafanya kazi yake. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar, hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na tundu za waya huota kutu ya kijani kabla ya mwaka wa pili. Bara ni vumbi. Sijaona kinanda cha bei nafuu kinachokuja na kifuniko. Wanaojali hutumia kanga kuukuu, na kanga hiyo imeokoa kii nyingi kuliko waranti yoyote ninayoijua. Kwa haki, kuna janga moja ambalo vinanda hivi vimesalimika nalo. Vinakula umeme wa volti 5 kupitia USB, chini ya miliampea 500, kutoka kwenye laptopu. Umeme ukikatika na kurudi kwa hasira, vinavyokufa ni spika, kompyuta ya mezani na friji. Kinanda kiko nyuma ya betri ya laptopu, hakina habari.

Kuna namna nyingine ya kufa inayowatisha watu kuliko soda. Mpiga kinanda mmoja wa kwaya alinipigia simu akisema kinanda chake cha kii 61 kimepatwa na jambo lisilo la kawaida: kii moja haifanyi kazi, saba zinazofuata ni nzima, ya nane haifanyi, na hivyo mpaka mwisho. Alikuwa ameshakiombea. Sababu ni ya hesabu. Kii 61 zenye swichi mbilimbili ni swichi 122, na hakuna kiwanda kitakachopitisha waya 122. Swichi hupangwa kama daftari la miraba, mistari 8 kwa 16, na waya 24 tu zinatosha kwa swichi 128. Waya mmoja kati ya zile 8 ukilegea, kila kii ya nane inazimika. Alifungua, akausukuma ule utepe wa waya mahali pake, ibada ikaendelea. Kanuni ninayoitumia tangu siku hiyo: kii zikifa ovyo ovyo ni uchafu, zikifa kwa mpangilio ni waya. Uchafu husamehewa kwa pamba. Waya uliokatika ndani ya bodi ni habari nyingine.

Tundu la USB ndilo linaloua vinanda vingi zaidi kati ya vile nilivyoviona vikirudishwa, na ndilo ambalo hakuna anayelitazama anaponunua. Kwa mujibu wa viwango vya USB, tundu kubwa la mraba, kama la printa, linatakiwa kuvumilia kuchomekwa mara 1,500. Lile la mini mara 5,000. La maikro, kama la simu za zamani, mara 10,000. Kwenye karatasi, dogo ndilo imara. Lakini kiwango hicho kinahesabu waya unaoingia na kutoka wima, kwa adabu. Hakihesabu waya uliokanyagwa na msanii aliyekuwa akicheza huku anarekodi. Tundu kubwa limefungwa na miguu inayopenya bodi hadi upande wa pili. Dogo mara nyingi limebandikwa juu tu kwa risasi ya kulehemu, na likivutwa upande linang'oka na mistari ya shaba chini yake. Nikiwa na vinanda viwili vya bei moja, kimoja na tundu kubwa na kingine na maikro, sihitaji kuuliza jambo la tatu. Na kabla hujakipeleka kwa fundi kinanda kinachowaka taa lakini hakisomi, badilisha waya. Nusu ya waya zilizomo ndani ya droo zetu ni za chaji tupu. Umeme unapita, taarifa hazipiti.

Nobu na gurudumu la kupindisha sauti nitavipitia haraka. Nobu nyingi za bei ya chini ni volumu za kaboni zilezile za redio, na zikichakaa hazitulii: hakuna aliyezigusa, zenyewe zinatuma 63, 64, 63, na programu inaamini unarekebisha kitu usiku kucha. Katika lugha ya MIDI gurudumu lina hatua 16,384, katikati ni 8,192, na linarudi katikati kwa springi. Springi ikilegea linarudi karibu na katikati. Karibu tu. Nimemshuhudia mwimbaji mzuri akirudishwa mara tisa kwa kosa la kwenda nje ya sauti, kumbe aliyekuwa nje ya sauti ni piano.

Sasa majina. Watu hugombana kwa siku nzima kuhusu Akai, M-Audio na Alesis, nani imara, nani takataka. Yote matatu yako chini ya kampuni moja ya Marekani, inMusic. M-Audio iliingia katika nyumba hiyo mwaka 2012 ikitokea kwa Avid. Huo ni ugomvi juu ya watoto wa baba mmoja. Nao Arturia wa Ufaransa na Novation wa Uingereza wanashindania boksi la ukubwa uleule na bei inayokaribiana. Ukipanda daraja la bei utaanza kusikia jina la Fatar, kampuni ya Italia inayotengeneza safu za kii na kuwauzia wenye majina. Hapo ndipo pesa inapoanza kwenda kwenye kii. Chini ya dola 150 pesa inakwenda kwingine. Inakwenda kwenye taa, pedi, kioo kidogo, na zawadi ya programu.

Zawadi hiyo tuitazame, maana ndiyo inayomaliza mabishano dukani. Ndani ya boksi kuna namba za siri za kupakua programu za kurekodi na piano kadhaa. Zina thamani, sibishi. Lakini zinasajiliwa kwa barua pepe moja, kwa hiyo anayenunua kinanda cha mtumba ananunua ganda. Roho ilikwisha kuchukuliwa na mtu wa kwanza. Halafu kuna ile programu ya kupangia nobu na pedi, ambayo kampuni huiacha modeli inapozeeka. Apple walipofunga mlango kwa programu za biti 32 mwaka 2019, vinanda vilivyokuwa vizima kabisa vilibaki na nobu zisizoweza kupangwa upya. Kii zake ziliendelea kulia, kwa sababu kinanda kinachofuata kanuni za kawaida za USB hakihitaji draiva. Kile cha 1983 kilidumu, cha juzi kikafa.

Ndiyo maana msimamo wangu ni wa kishamba kidogo: chini ya bei fulani, kila nobu ni mlango mmoja zaidi wa kuingilia kifo. Kinanda cha kii 49 za ukubwa wa kawaida, magurudumu mawili, kitelezi kimoja na tundu kubwa, kisicho na taa hata moja ya kumwonyesha mtu, kitazika vitatu vya pedi. Kii ndogo zina tatizo jingine ambalo hata usafi hautibu. Ni fupi, na ukibonyeza karibu na bawaba unahitaji nguvu kubwa zaidi kuliko ukibonyeza ncha, kama mlango unaousukuma upande wa bawaba. Mpigaji hujikuta anapiga zote kwa nguvu ili awe salama, na kila noti inatoka juu ya 100. Husikii hivyo siku ya kwanza. Unasikia ukisikiliza midundo yako ya mwaka mzima na kugundua kwamba piano zote zinafoka.

Anayetengeneza ngoma kwa vidole anahitaji pedi, na simwambii aache. Na prodyuza wengi wa mtaani hawana kinanda kabisa; huchora noti moja moja kwa kipanya ndani ya programu ya FL Studio, na nyimbo zao zinapigwa kwenye daladala kuliko zangu. Kipanya hakina mpira wala madoa mawili, na kikifa unanunua kingine kwa elfu kumi.

Kinanda changu cha pili nilikinunua Kariakoo, mtumba wa Dubai, kii 49, cha kijivu na kibaya cha sura. Winga aliyenipeleka dukani alitaka kwanza anionyeshe kimoja chenye pedi 16 zinazobadilika rangi. Nilikuwa nimebeba simu ya Android na waya wa OTG wa kuchomekea kinanda kwenye simu, kwa kuwa simu hizo zimekuwa zikielewa MIDI tangu toleo la 6 la mwaka 2015, pamoja na programu ya bure inayoonyesha namba tu: noti ipi, nguvu ngapi. Nilitikisa waya kwenye tundu, namba hazikukatika. Nilizungusha gurudumu na kuliachia mara kumi, nikaona likirudi 8,192 kila mara. Halafu nikaanza kii ya kwanza kushoto: mara moja kwa upole, mara moja kwa nguvu. 31, 112. Ya pili: 28, 109. Ya tatu. Ya nne. Kii ya kumi na moja ikatoa 127 mara mbili, na mwenye duka akashusha elfu thelathini bila kuombwa. Foleni ikajipanga nyuma yangu. Winga akatazama saa, akatazama jua, akaniinamia sikioni.

"Kaka, unanunua au unafanya mazoezi ya kwaya?"

Nikamwambia zimebaki 12.